Hali, Mushkili na Fumbo: Darsa ya Kupambanua Mambo, kwa Mifano ya Mkongo na Bonde la Rufiji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya haya. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa neno likiwekwa pasipo mahali pake huharibu mambo mengi. Watu wa mwambao wana maneno matatu ambayo huyachanganya kila siku barazani, nayo ni hali, na mushkili, na fumbo. Mirathi ikikawia kugawanywa, husemwa: hili ni fumbo. Dhuluma ikitendeka mchana kweupe, husemwa: ndiyo hali ya dunia. Na mauti yakimfika mtu kwa ajali yake aliyoandikiwa, jamaa hutafuta nani aliyeyaleta, kana kwamba ni mushkili wa kutatuliwa. Basi mjane hungoja, na yatima hukosa, na mwenye nguvu hula fungu la mwenziwe; wala hapana hata mmoja katika wakaao barazani ajionaye kuwa ametenda dhambi. Kwa sababu hiyo yampasa Mwislamu ajifunze kuyapambanua mambo haya kabla ya kuyasemea, kwani kulihukumu jambo ni tawi la kulijua lilivyo, na asiyelijua umbo lake hawezi kulijua hukumu yake.

FASLU YA KWANZA: MAANA YA MANENO MATATU

Hali ni vile jambo lilivyo. Mvua na kiangazi, ujana na uzee, kujaa na kupwa kwa maji, na mauti yenyewe, yote haya ni hali. Hali haina jawabu, kwa kuwa si swali. Mtu haitatui, bali huiishi. Na linalotakiwa kwake ni kuijua, na kusubiri, na kujiandaa nayo.

Mushkili ni neno la Kiarabu, na asili yake ni mambo kufanana na kuingiana hata yasipambanuke. Kwa Kiswahili husemwa tatizo, nalo ni neno zuri kwa mwenye kulitazama, kwa kuwa latokana na kutata, kama uzi uliojifunga fundo. Uzi uliotatana hutatuliwa kwa mkono na kwa saburi, fundo moja baada ya moja. Ukiachwa haujinyooshi, bali huzidi kukazana. Basi mushkili ni jambo lililo mikononi mwa watu, nao wameamrishwa kulitenda.

Fumbo latokana na kufumba, kama mtu afumbavyo kiganja. Na kilichofumbwa, yuko aliyekifumba. Atoaye fumbo au ategaye kitendawili ana jawabu lake tayari. Amelificha kwa maneno ili kuijaribu akili ya mwenziwe. Watoto wa Mkongo wakikaa jioni kutegeana vitendawili, ashindwaye huambiwa atoe mji, naye hutoa mji wowote autakao, Utete au Kilwa au Unguja, kisha hupewa jawabu. Kesho yake Utete iko pale pale. Hapana aliyepoteza shamba lake kwa kushindwa kitendawili.

Hiyo ndiyo tofauti. Basi jambo likija mbele yako jiulize maswali matatu. La kwanza: je, yuko mtu ambaye kitendo chake chaweza kuliondoa au kulipunguza? La pili: je, yuko mtu aliyelificha jawabu lake kwa kusudi? La tatu: je, likiachwa hivi lilivyo, yuko atakayepunjwa haki yake? Ikiwa la kwanza ni hapana, jambo hilo ni hali. Ikiwa la pili ni ndiyo, na la tatu ni hapana, hilo ni fumbo. Na ikiwa la tatu ni ndiyo, na mkono wa mtu waweza kufika, basi huo ni mushkili, wala si halali kuuita kwa jina jingine ili kuukimbia.

FASLU YA PILI: HALI, NA MFANO WAKE NI MTO

Mto Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Kilombero na Luwegu hukutana, na maji ya Ruaha Mkuu huingia humo, kisha mto hushuka bondeni, ukapita Utete, ukagawanyika matawi mengi yaingiayo baharini mbele ya kisiwa cha Mafia. Masika ikikoza maji hupanda juu ya kingo na kulifunika bonde. Wazee wa Rufiji hawakuliita jambo hilo tatizo. Walijenga madungu, nyumba zilizoinuliwa juu ya miti, wakalinda mpunga wao humo. Na maji yalipopwa walipanda mlau katika tope bichi aliloacha mto, wakavuna tena. Walijua ya kuwa yale maji yafunikayo shamba ndiyo yale yale yalishayo shamba.

Mwaka 1968 hadi 1969 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya ardhi ya juu, na Mkongo iko upande huo wa kaskazini ya mto. Kwa macho ya serikali mafuriko yalikuwa tatizo, na dawa yake ni kuhama. Kwa macho ya wakulima wengi yalikuwa hali waliyoizoea, na riziki yao i ndani yake. Basi nyumba zikakaa juu na mashamba yakabaki chini, na watu wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima. Hapana haja ya kusema kuwa upande mmoja ulikuwa na akili na mwingine hauna. Yatosha kufahamu ya kuwa pande mbili zilitazama maji yale yale, kila mmoja ukayapa jina lake, na jina ndilo lililoamua kitendo.

Lakini asidhani mtu ya kuwa jambo likiitwa hali basi watu wakae mikono kifuani. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa akienda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Akawashauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Kikureshi, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu. Upande wowote atakaolisha, amelisha kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafikiana na rai hiyo, Umar akamhimidi Mungu, akarudi.

Tazama, ewe ndugu. Tauni yenyewe ilikuwa hali. Walakini kuliingiza jeshi katika tauni au kulirudisha kulikuwa mushkili, na Umar aliufanyia shauri mara tatu. Hakusema: ni kadari, twende tufe. Wala hakusema: ni fumbo, nani ajuaye? Aliuliza, akapima, akatenda.

Na mfano wa bonde lenye pande mbili wawahusu sana watu wa Rufiji. Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilizidi, na maji yakafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mvua ile ni hali. Walakini wapi pa kujenga, lini pa kuhama, nani wa kumpelekea khabari mgonjwa na mzee aliye dungu la mbali, na chakula cha wakimbizi kigawanywe vipi, hayo yote ni mushkili, nayo yako katika dhima ya watu. Ama watu waliobishana kama maji yaliletwa na mvua au yalifunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018 na likaanza kujazwa maji Desemba 2022, swali lao halikuwa hali wala fumbo. Maji yaingiayo bwawani hupimwa, na yatokayo hupimwa. Swali la kipimo huulizwa kwa mwenye kipimo, naye humpasa kujibu kwa ukweli. Halijibiwi kwa sauti kubwa barazani. Na mtu akisimama akasema kuwa mafuriko yale ni adhabu kwa ajili ya dhambi ya fulani, huyo ameigeuza hali kuwa fumbo na kujidai kuwa jawabu analo yeye. Na ilimu ya ghaibu haiko kwake.

FASLU YA TATU: FUMBO, NA MIPAKA YAKE

Fumbo si haramu. Imethubutu katika Sahihi Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliwauliza sahaba zake juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, nao umfano wa Mwislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani. Ibn Umar (r.a.), naye alikuwa mdogo kuliko wote, ilimjia moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa ni mtende. Basi mwalimu humtegea mwanafunzi ili kumpima na kumwamsha. Na wanavyuoni wa Kishafii walitunga vitabu vya mafumbo ya fikihi. Imam Jamaluddin Al-Isnawi, aliyefariki mwaka 772 Hijri (1370), ni mmoja wao.

Walakini fumbo lina chuo chake. Abu Daud amepokea ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza maswali ya kukosezana, yaani masala magumu yatafutwayo ili kumwangusha mwanachuoni, na ingawa isnadi yake ina maneno, maana yake ni ya sawa. Fumbo likitoka chuoni likaingia katika mali za watu, huwa sumu.

Mfano wake ni kisa cha ngamia 17, ambacho hapana baraza la mwambao lisilokijua. Husimuliwa kuwa mtu alikufa akaacha ngamia 17, akasema mwana wa kwanza apate nusu, wa pili thuluthi, na wa tatu tusui, yaani sehemu moja katika 9. Wakashindwa kugawanya. Ndipo Imam Ali (r.a.) akaongeza ngamia wake mmoja, wakawa 18, wa kwanza akapata 9, wa pili 6, wa tatu 2, jumla 17, na ngamia wa Imam akarudi kwa mwenyewe. Watu hustaajabu, husema: hiyo ndiyo mirathi ya Kiislamu.

Kisa hiki hakina isnadi katika vitabu vya hadithi vitegemewavyo, na hata hesabu yake yakishuhudia kuwa si mirathi. Nusu na thuluthi na tusui zikijumlishwa ni sehemu 17 katika 18. Yule marehemu aliacha sehemu moja pasipo mwenyewe, na ngamia wa kuazima aliisitiri tu mbele ya macho. Kila mwana akapata zaidi ya alivyotajiwa. Hiyo ndiyo siri yake yote. Ama katika sheria, mafungu yaliyokadiriwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi, na sudusi, tusui haimo. Wana watatu wa kiume hurithi sawa. Wala wasia haumpi mrithi illa warithi wengine wakiridhia. Basi kisa kile ni fumbo la hesabu, na kwa fumbo ni kizuri. Kosa ni kukipeleka kwenye tanga la marehemu.

Na ukitaka kuona mushkili wa kweli wa hesabu, tazama masala iitwayo Mimbariyya, ambayo yasimuliwa kuwa Imam Ali (r.a.) aliulizwa naye yu juu ya mimbari. Mtu kafa kaacha mke, baba, mama na binti wawili. Katika sehemu 24 mke ana 3, baba 4, mama 4, na binti wawili 16. Jumla ni 27. Hapa mafungu yamezidi mali. Hakuazimwa ngamia. Mali iligawanywa kwa 27, kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, na thumni ya mke ikawa tusui. Jambo hili huitwa auli. Hapana hila, hapana kilichofichwa, na kila mrithi aweza kuhesabu mwenyewe akaona kilichomfika na kwa nini.

FASLU YA NNE: MUSHKILI, NA MFANO WAKE NI WALIOZAMA PAMOJA

Ichukuliwe mfano wa kusomeshea. Mtu wa Mkongo avuka mto na mwanawe wa kiume kwenda shamba la mlau. Kiboko aupindua mtumbwi, wote wawili wafa maji. Marehemu ameacha mkewe, ambaye ndiye mama wa watoto wake, na binti mmoja, na ndugu mmoja wa kiume wa kwa baba na mama. Mwana hakuoa wala hana mali. Baba ameacha mikorosho 72, baada ya kuondolewa gharama za maziko na madeni, wala hakuusia kitu.

Mauti yale ni hali. Haki yake ni kuoshwa na kukafiniwa na kuswaliwa na kuzikwa, na kuwapa pole wafiwa, na kutaraji kwa Mwenyezi Mungu ujira wa shahidi, kwani imepokewa kwa hadithi sahihi kuwa afaye maji ni katika mashahidi. Lakini siku ya tatu hupita, na barazani huzuka swali: ni nani aliyetangulia kufa?

Wala swali hili si la mchezo. Kama ikijulikana baba ndiye aliyetangulia, mke wake ana thumni, mikorosho 9. Zinazobaki 63 ni za watoto, mwana 42 na binti 21. Kisha mwana amekufa, na 42 zake zarithiwa na mama yake thuluthi, 14. Na dada yake nusu, 21. Na ami yake kilichobaki, 7. Basi jumla mjane ana 23, binti ana 42, na ndugu wa marehemu ana 7. Ama kama mwana alitangulia, yeye hakumrithi baba. Mjane ana 9, binti ana nusu, 36, na ndugu wa marehemu ana kilichobaki, 27. Pumzi chache za watu wawili majini zimehamisha mikorosho 20.

Sasa sikiliza barazani. Walio upande wa ami husema: kijana hakujua kuogelea, bila shaka alitangulia. Walio upande wa mjane husema: baba alikuwa na ugonjwa wa kifua, maji hayakumngoja. Mwingine husema: maiti ya baba ilionekana kwanza. Kila mmoja amelifanya jambo fumbo, na kila mmoja amelifumbua kwa upande umlishao. Na fumbo hili hapana mja aliyelifumba, wala hapana mja mwenye jawabu lake.

Sheria haikuliacha jambo hili kwa wenye midomo mirefu. Katika madhehebu ya Imam Shafii hukumu yake ina daraja. Kwanza huulizwa: yuko aliyeshuhudia kwa macho? Mvuvi aliyekuwa ng'ambo, mwanamke aliyekuwa akichota maji? Wakipatikana mashahidi wanaokubaliwa, hukumu hufuata ushahidi wao. Pili, ikiwa aliyetangulia alijulikana, kisha ikasahauliwa ni yupi, mali huzuiwa mpaka idhihirike au warithi wasuluhiane. Tatu, ikiwa haijulikani kabisa, au walikufa pamoja, basi hawarithiani. Mali ya kila mmoja huwaendea warithi wake walio hai. Katika mfano huu mjane 9, binti 36, ami 27.

Sababu yake ni kuwa sharti ya kurithi ni kujulikana kwa yakini ya kuwa mrithi alikuwa hai baada ya kufa arithiwaye. Na hapa yakini haipo. Sheria haimpi mtu mali kwa kukisia. Ni kama mwenye kuswali akishuka shaka ameswali rakaa tatu au nne: katika madhehebu yetu Mashafii hakuambiwa achague limpendezalo, bali ajenge juu ya tatu ambazo ni yakini, aongeze ya nne, kisha asujudu sijda ya kusahau. Mushkili haukuondoka kwa kuwa ghaibu ilifunuliwa, bali kwa kuwa mja amepewa njia ya kupita asipoijua ghaibu. Na hiyo ni rehema kubwa.

Yabaki mambo mawili ambayo watu hughafilika nayo. La kwanza: ami akichukua 27 kwa hukumu hii amechukua haki yake, wala asitukanwe. Lakini kama amjua mvuvi aliyeona baba akizama kwanza, akamnyamazisha kwa debe la mpunga, basi zile 20 ni moto tumboni mwake. Na onyo la wenye kula mali ya yatima limo katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Kuificha shahada ndiko kuugeuza mushkili kuwa fumbo kwa kusudi, kwa kuwa hapo sasa yuko aliyefumba.

La pili: binti yule akiwa mdogo, watu humwambia ami: mali ya mtoto ishike wewe. Katika madhehebu ya Imam Shafii wilaya ya mali ya mtoto ni ya baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa nao, kisha kadhi au asimamaye mahali pake. Ami hana wilaya ya mali ya yatima kwa uami wake peke yake. Akipewa na kadhi ni sawa, naye huwa mwenye amana na hesabu. Akijipa mwenyewe, amepora. Na katika Tanzania Bara mirathi ya Waislamu huweza kufikishwa mahakama ya mwanzo. Basi mama wa yatima asiambiwe ya kuwa hana pa kwenda.

FASLU YA TANO: ALIYEPOTEA

Mfano mwingine. Mtu amekufa, kaacha mke na wana wawili wa kiume. Mmoja yupo Mkongo, na mmoja alisafiri miaka mingi, wala hajulikani kama yu hai. Mikorosho ni 16. Wengine husema: hii ni hali, mali ikae mpaka arudi, na mjane hufa akingoja thumni yake. Wengine husema: amekwisha kufa huyo, angekuwa hai angeandika, na mwana aliyepo hula zote.

Kauli zote mbili zina makosa. Aliyepotea hahesabiwi maiti kwa kukisia, bali kwa ushahidi, au kwa hukumu ya kadhi baada ya kupita muda ambao dhana yenye nguvu ni kuwa mfano wake hawezi kuishi zaidi ya hapo. Na wala waliopo hawanyimwi kwa ajili yake. Kila aliyepo hupewa kiasi cha chini anachokipata kwa hali yoyote, na kilichobaki huzuiwa. Mjane ana thumni, mikorosho 2, aliyepotea akiwa hai au amekufa, hupewa leo. Mwana aliyepo atapata 14 ikiwa nduguye amekufa kabla ya baba, na 7 ikiwa yu hai; hupewa 7 leo. Zilizobaki 7 hutiwa mkononi mwa mwaminifu, ashike hesabu ya mavuno kila mwaka mbele ya mashahidi.

Na kabla ya yote hayo, atafutwe. Zamani khabari ilikwenda kwa jahazi na kwa msafiri. Leo simu hufika Muskati na Mombasa kwa dakika moja. Mwenye kusema hajulikani alipo, naye hajauliza, hana udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu.

KHATIMA

Basi hifadhi haya, ewe ndugu. Mwenye kuifanya hali kuwa mushkili huchoka bure, humtafuta mchawi wa mauti na mwenye kosa la mvua, na mwisho humchukia jirani yake. Mwenye kuufanya mushkili kuwa hali huitwa mtu wa subira, naye ni mzembe. Kwani subira ni juu ya msiba wako, si juu ya haki ya mwenzio. Na mwenye kuufanya mushkili kuwa fumbo ndiye mbaya zaidi, kwa kuwa hucheza na akili yake ilhali mtoto wa mwenzie alala na njaa. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Lakini yatima si wa kufumbiwa.

Na wakati wa kugawanya, wakihudhuria jamaa wasiorithi na mayatima na maskini, sheria imehimiza wapewe kitu na waambiwe neno jema, kama ilivyokuja katika Suratun Nisaa, aya ya 8. Ami aliyepata 27 kwa haki, akimwachia binti wa nduguye michache kwa radhi ya moyo wake, hakuivunja hukumu, bali ameipamba.

Masala ya kudurusu. Rudia mfano wa Faslu ya Nne, na badala ya binti mmoja uweke mwana mwingine wa kiume aliye hai, hakuvuka mto. Uhesabu fungu la mjane na la ami kama baba alitangulia, kisha kama haijulikani. Utaona ya kuwa ami hapati kitu kwa njia yoyote, naye hatakuwa tena na sababu ya kubishana ni nani aliyetangulia. Na katika hilo mna funzo: mara nyingi mtu hung'ang'ania fumbo si kwa kupenda kujua, bali kwa kuwa ana fungu lake ndani yake.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na atulinde na kula haki za wanyonge. Wallahu aalamu bissawab.